Michezo ya Ubao kwa Nyumba Yenye Watoto na Vijana: Kuchagua, Kutengeneza na Kuanza Kucheza

Likizo moja ya Desemba nilinunua boksi kubwa la mchezo wa kutoka nje, zito kama matofali mawili, nikalipakata kwenye daladala mpaka nyumbani. Jioni tukatandika mkeka sebuleni. Nikaanza kusoma kijitabu cha kanuni, nikitafsiri mstari kwa mstari. Kufika ukurasa wa tisa, kijana wa miaka 16 alikuwa ameshazama kwenye simu, wa miaka 12 anapiga miayo, na mdogo wa miaka 7 amekusanya vijumba vya mbao vya mchezo akavipeleka chumbani kwa wanasesere wake. Bibi yao akauliza kwa upole, "Sasa huo mchezo unaanza lini?"

Haukuanza. Kesho yake umeme ukakatika, bibi akatoa dhumna (domino) zake kwenye kopo la maziwa ya unga, na tukacheza kwa taa ya chemli hadi saa nne usiku. Nilikuwa nimechagua boksi kabla sijawaangalia watu watakaolikalia. Hatua zilizopo hapa nimezipanga ili wewe usirudie hilo.

Hatua ya 1: Hesabu watu kabla ya kuhesabu hela

Chukua karatasi uandike: kwa kawaida mnakuwa wangapi jioni? Mdogo kabisa ana miaka mingapi, na je, anajua kusoma? Mna muda gani kabla ya usingizi kuanza kuwachukua? Nani nyumbani hukasirika akifungwa?

Idadi ya watu ndiyo wengi tunaisahau. Drafti na bao ni vya watu wawili. Nyumba ya watu sita ikiwa na drafti moja, wanne wanabaki kuwa watazamaji wenye maneno mengi. Ludo ni ya wanne. Dhumna pia hunoga wakiwa wanne. Karata hubeba hata saba.

Kama kuna mtoto chini ya miaka mitatu, kete ndogo na dadu zitaishia mdomoni mwake. Mchezo wa aina hiyo huchezwa akishalala, kisha vipande vinahesabiwa kabla ya kurudi kwenye kopo.

Jingine la kuuliza mapema ni msimamo wa nyumba kuhusu dadu na karata. Familia nyingi, hasa huku pwani, hazipendi kimojawapo au vyote viwili viingie ndani, kwa sababu za dini au kwa kuogopa kamari. Usibishane na wazee kwa ajili ya ludo. Bao, drafti, keram na sataranji (chesi) havina dadu wala karata, na vinatosha kujaza likizo nzima. Mchezo wowote mtakaouchagua, pesa isiwekwe hapo katikati, hata sarafu ya utani. Vijana wetu wana vishawishi vya kubeti vya kutosha kwenye simu zao.

Hatua ya 2: Pima bahati na akili

Ukiruka hatua nyingine, hii usiiruke.

Nyoka na ngazi ni bahati tupu. Unarusha dadu, unasogea, ukikuta ngazi unapanda, ukikuta nyoka unateremka. Katika vyumba vyote 100 hakuna hata kimoja unachoamua wewe. Ndiyo maana mtoto wa miaka mitano anaupenda, maana anamfunga baba yake kihalali. Na ndiyo maana kijana wa miaka 14 akimaliza raundi moja anakumbuka ghafla kwamba ana kazi ya shule.

Upande wa pili kuna drafti, bao na sataranji. Hapo bahati haina nafasi, kila kitu kinaonekana, na anayejua zaidi hushinda karibu kila mara. Kijana atafurahi, lakini mdogo atafungwa mara nane mfululizo na ya tisa atapindua ubao.

Nyumba yenye watoto na vijana pamoja inahitaji michezo ya katikati: bahati kiasi cha kumpa mdogo matumaini, akili kiasi cha kumfanya mkubwa afikiri. Humo wamo ludo, dhumna na karata. Kipimo changu ni hiki: katika raundi tano, mdogo anaweza kushinda walau moja bila mtu kumwachia? Nasema bila kumwachia kwa sababu watoto wanajua wakiachiwa, na hawapendi.

Kama mnaupenda mchezo wa akili tupu, mwekeeni mkubwa mzigo waziwazi. Kwenye drafti aanze na kete 9 badala ya 12. Kwenye sataranji acheze bila malkia. Kwenye keram apige kwa mkono wa kushoto. Mdogo akishinda mara tatu, mzigo unapungua. Kwetu mzigo huo umekuwa ni sifa, kijana anatamba, "Mimi nilikufunga na kete tisa!"

Hatua ya 3: Anza na visivyohitaji duka

Drafti inatengenezwa kwa nusu saa. Kata upande mmoja wa boksi gumu, mraba wa sentimita 32 kila upande, ugawe vyumba 8 kwa 8, kila chumba sentimita 4. Kizibo cha soda kinaenea humo na nafasi ya kidole inabaki. Kusanya vizibo 24 (mwenye duka la soda atakupa bure): 12 vifudikizwe, 12 viangalie juu. Kizibo kikifika mstari wa mwisho, kipandishie kingine mgongoni, tayari ni kingi. Kabla ya kuanza kubalianeni mambo mawili yanayoleta ugomvi kila baraza: kula ni lazima au hiari, na kingi anaruka mbali au chumba kimoja kimoja.

Karata za kawaida zinatosha mchezo ambao Tanzania wengi huuita lasti kadi na Wakenya huuita kadi. Mbili unamchotesha mwenzako karata mbili, tatu unamchotesha tatu, jeki inamruka anayefuata, ree inabadilisha aina, na aliyekaribia kumaliza lazima atangaze. Kenya utasikia "Niko kadi!" kwa sauti ya kushtua jirani. Kila mtaa una nyongeza zake, kwa hiyo ziandikeni za kwenu kwenye karatasi zikae ndani ya pakti. Uno, iliyobuniwa Marekani mwaka 1971, ni ndugu wa mchezo huu. Ukishakuwa na karata, hulazimiki kuinunua, ingawa rangi zake zinamsaidia mtoto ambaye bado anahangaika na kopa, uru na shupaza.

Kwa nyumba yenye mchanganyiko wa umri, nafasi ya kwanza ninaipa dhumna. Zipo kete 28. Wakicheza wanne kila mmoja anapata saba, na mnakaa wawili wawili, mwenzako akiwa mbele yako. Hapo ndipo siri ilipo: mdogo anapangwa na mkubwa. Kulinganisha namba anakuweza mtoto wa miaka sita, na makosa yake yanabebwa na mwenzake. Mkubwa naye ana kazi nzito ya kuhesabu. Kila namba iko kwenye kete saba. Kama una sita tatu mkononi na tatu zimeshatoka chini, imebaki moja tu, na unaweza kuanza kubashiri iko kwa nani. Nilimwona kijana wangu, yule wa simu, akinong'ona, "Sita moja bado... bibi ndiye anayo," kisha akafunga mchezo kwa makusudi pande zote mbili. Bibi alimtazama kwa muda, halafu akasema, "Haya, umekua."

Hatua ya 4: Bao, kwa njia ya mlango mdogo

Watu wazima wengi wanakata tamaa kumfundisha mtoto bao kwa sababu wanaanza na bao la Kiswahili kamili, lile lenye nyumba, yaani shimo maalumu la kila mchezaji, na kete 22 za kunamua, yaani zinazoanzia mkononi na kuingizwa moja moja. Kwa mtoto hiyo ni kuanza kupanda mnazi kwenye makuti. Kuna bao la kujifunza, na ndilo la kuanzia.

Bao lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kama huna, chukua trei mbili za mayai, zile za mayai 30. Trei ina vikombe vitano kwa sita. Kata ya kwanza upate vinne kwa sita, ya pili upate vinne kwa viwili, zibandike kwenye kadibodi: umepata nane kwa nne. Kete ziwe komwe ukizipata, au maharage makubwa, au kokoto. Watoto wa kijijani huchimba mashimo chini na kumaliza.

Weka kete mbili mbili kila shimo. Safu mbili zilizo upande wako ni zako, na ile ya ndani, inayotazamana na ya mwenzako, ndiyo ya vita. Zamu yako ikifika, chagua shimo lenye kete mbili au zaidi, zichote zote, usambaze moja moja kuzunguka safu zako mbili, kulia au kushoto. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la safu ya ndani ambalo lilikuwa na kete, na shimo la mwenzako linalotazamana nalo lina kete pia, unazila. Ulizokula unazisambaza kwako kuanzia kichwa, yaani shimo la pembeni la safu ya ndani, kwa kufuata mwelekeo uleule. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, chota zote zilizomo uendelee. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imekwisha. Ukiwa na njia ya kula, lazima ule. Na kama usambazaji wa kwanza haukuishia kwa kula, zamu hiyo yote ni ya kutakata, hauli tena. Anayemaliziwa safu ya ndani, au anayebaki na kete moja moja tu asiweze kucheza, amefungwa.

Siku mbili za kwanza usimfundishe mbinu yoyote. Mwache asambaze tu. Mkono ukishazoea, macho yataanza kuhesabu yenyewe: "Nikichota hizi tano nitaishia pale." Akifika hapo ndipo mwonyeshe nyumba na kunamua. Na kama mtaani kwenu kuna wazee wa baraza wanaocheza, mpeleke kijana akatazame. Atajifunza bao, na matani pia, ambayo kwa kweli ni nusu ya mchezo.

Hatua ya 5: Vijana wanataka maneno

Kijana wa miaka 15 hachoki michezo. Anachoka kukaa kimya na kusogeza kete mbele ya wazazi. Mpe mchezo wa kuongea, kubishana na kucheka, ataacha simu bila kuambiwa.

Upo mchezo unaoitwa Codenames, uliotoka mwaka 2015, wa Mcheki Vlaada Chvátil. Boksi lake ni la Kiingereza, lakini kuutengeneza kwa Kiswahili ni kazi ya karatasi na kalamu, na ukiniuliza mimi Kiswahili kinaufaa zaidi. Andika maneno 25 kwenye vikaratasi, uyapange matano kwa matano. Gawanyikeni timu mbili. Viongozi wa timu wanachora ramani ya siri ya vyumba hivyo 25: tisa vya timu inayoanza, vinane vya timu ya pili, saba vya bure, na kimoja cha sumu. Kiongozi anatoa neno moja na namba moja, na timu yake inagusa maneno inayodhani ndiyo. Akigusa sumu, timu imeshindwa papo hapo.

Utamu wote uko kwenye maneno yenye maana zaidi ya moja. Weka mbuzi, kaa, paa, tai, kanga, nyanya, shuka, panda, chungu. Binti yangu aliposema "Ndege, tatu," bibi aligusa tai, akagusa kanga, kisha akakwama. La tatu lilikuwa paa, la kupaa. Bibi alikuwa anaona paa la bati tu, na yule paa wa porini. Mabishano yaliyofuata yalidumu kuliko mchezo wenyewe. Asiyejua kusoma vizuri apewe kazi ya kugusa vikaratasi na kushika muda.

Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, nayo inaweza kuhamia kwenye Kiswahili, ila boksi la Kiingereza lazima lifanyiwe ukarabati. Katika vipande 100 kuna K moja tu, na sisi bila K hatuwezi hata kusema kuku. U ni nne, E zimejaa 12. Kwa kuwa Q na X hatuna kazi nazo, bandika stika juu yake, zote mbili ziwe K. Punguza E nne: mbili ziwe A, mbili ziwe U. R zipo sita. Moja iwe M, nyingine W. C isomwe CH. Shusha alama za K ziwe mbili.

Kisha mwamue jambo kubwa: viambishi vinaruhusiwa? Sisi tunaruhusu neno lolote linaloweza kusimama peke yake, na mchezo umenoga kwa sababu hiyo. Wa miaka 12 aliweka PENDA. Kaka yake akaongeza NA, ikawa PENDANA. Zamu mbili baadaye bibi akakamilisha pande zote: WAPENDANAO. Hakuna aliyethubutu kupinga.

Hatua ya 6: Ukifika dukani, au ndugu akiuliza akuletee nini

Ludo na keram utazipata karibu kila mji, Kariakoo zimejaa. Keram nunua ukiwa umeijaribu hapohapo: piga kete kutoka kila upande uone kama ubao umepinda, maana ubao uliopinda hauponi. Hesabu kete 9 nyeupe, 9 nyeusi na malkia mmoja mwekundu. Bao la kuchongwa ulizia kwa wachonga vinyago, kama wale wa Mwenge, lakini sema unataka la kuchezea, la mashimo 32, yenye kina. Yapo yaliyochongwa kwa ajili ya watalii yakiwa na safu mbili tu.

Kwenye mitumba hupatikana maboksi mazuri kwa bei ya kutupa. Usilipe kabla ya kufungua. Kijitabu cha kanuni kwa kawaida kina orodha ya vipande; hesabu mbele ya muuzaji. Kete iliyopotea inafidiwa na kitufe cha shati, lakini karata iliyopotea inaua mchezo mzima.

Kwenye boksi jipya soma namba tatu: umri, wachezaji, dakika. Halafu uliza, karata zake zina maandishi ya Kiingereza? Kama zina aya nzima, mdogo atahitaji mkalimani kila zamu. Ticket to Ride ni wa rangi na njia za reli, watu wawili hadi watano, miaka 8 kwenda juu, na karibu hauhitaji kusoma. Kama ndugu yuko Ulaya au Marekani anauliza alete nini, huo ndio ninaoutaja kwanza. Catan, wa kujenga makazi na kubadilishana mali, ni mzuri kwa vijana, ila boksi la kawaida linataka watu watatu au wanne, hapungui wala hazidi mtu. Mwambie pia atazame alama ya tuzo ya Ujerumani iitwayo Spiel des Jahres, inayotolewa tangu 1979: picha ya kete. Nyekundu ni ya familia, bluu ya watoto, na ya kijivu iliyokolea ni ya wazoefu. Lile boksi langu la Desemba nilipokuja kuliangalia vizuri lilikuwa na ya kijivu.

Na Monopoly? Wengi wanaiogopa kwa urefu wake, na wana haki, lakini mara nyingi ni sisi tunaourefusha. Kanuni zenyewe zinasema mtu akifikia kiwanja asikinunue, kinapigwa mnada saa hiyohiyo kwa wote. Nyumba nyingi hazifanyi mnada, halafu zinaongeza zawadi ya pesa kwenye chumba cha maegesho ya bure, ambayo haimo kwenye kanuni. Rudisheni mnada, ondoeni zawadi, wekeni kengele ya dakika 90. Ikilia, kila mtu anahesabu mali yake na mwenye nyingi ameshinda.

Hatua ya 7: Jioni ya kwanza

Jifunze mchezo peke yako kabla. Kaa mezani watoto wakiwa shule, cheza mikono yote miwili, ukosee bila mashahidi. Jioni usisome kanuni kwa sauti. Sema kitu kimoja tu, mtu anashindaje, kisha anzeni raundi ya majaribio karata zikiwa wazi. Mengine yaelezwe yanapotokea.

Anzeni mapema, baada ya chakula cha jioni na si saa tatu na nusu wakati mdogo anasinzia. Acheni watu wakiwa bado wanaitaka raundi moja zaidi. Kijana asilazimishwe: mwambie ashike daftari la alama tu. Kwetu mshika daftari hajawahi kumaliza raundi mbili bila kuomba nafasi.

Vipande vikae kwenye kopo lenye kifuniko, na kopo likae mahali mtoto anapofika, si juu ya kabati. Weka na kete za akiba. Ludo yetu imeshapoteza kete tatu za kijani, na siku hizi tunatumia vile vijumba vya mbao vya lile boksi la Desemba. Mdogo alikubali kuvitoa kwa wanasesere kwa sharti moja, kwamba kijani ni yeye.